Joto Lililomo Ndani ya Mkaa, na Namna ya Kulihesabu kwa Kompyuta

Chukueni daftari na kalamu. Kama kuna jiko la mkaa linalowaka hapo karibu, lisogezeni mlangoni, penye upepo, mlitazame huku mkisikiliza.

Mnaona nini? Chini, mkaa ni mwekundu. Pembeni kuna mkaa ambao bado ni mweusi. Na juu kabisa, hasa kama jiko limejazwa vizuri na giza limeanza kuingia, mtaona ndimi ndogo za moto wa buluu zikichezacheza. Kila mama aliyepata kupika kwa mkaa ameuona moto huo wa buluu. Lakini ni wangapi waliouliza unatoka wapi? Mkaa wenyewe ni mwekundu. Buluu imetoka wapi?

Leo tutalijibu swali hilo kwa hesabu. Tena tutajifunza jinsi kompyuta inavyofanya hesabu hiyo hiyo kwa dakika moja. Msidhani ni hesabu ya wasomi tu. Mvua kubwa za Machi, Aprili na Mei zinapotupiga hapa ziwani, jiko huingizwa ndani. Mama aliyejifungua huwashiwa mkaa chumbani ili yeye na mtoto wapate joto. Na mfanyabiashara wa mchele anayepanda Tukuyu mwezi wa Juni au Julai hukutana na baridi asiyoizoea, akafunga mlango na dirisha, akalala na jiko miguuni. Wako waliolala hivyo wasiamke. Hesabu ya leo inaeleza kwa nini.

Tuanze na mkaa wenyewe. Mkaa mzuri, mkiondoa majivu na unyevu, karibu wote ni kitu kimoja kiitwacho kaboni. Kaboni ikikutana na oksijeni, ambayo ni ile sehemu ya hewa inayotupa uhai, huungana nayo. Muungano wa namna hiyo, ambapo vitu vya zamani hupotea na vitu vipya hutokea, wataalamu huuita mmenyuko wa kikemia. Hewa ikiwa nyingi, kila chembe moja ya kaboni hushika chembe mbili za oksijeni, ikawa hewa ukaa, yaani ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Hewa ikiwa haba, kila chembe ya kaboni hupata chembe moja tu ya oksijeni. Hapo hutokea hewa nyingine, jina lake kaboni monoksaidi. Andikeni jina hilo daftarini, maana tutakutana nalo mara nyingi. Haina rangi, haina harufu, na ni sumu.

Sasa, chembe hizi ni ndogo mno, hatuwezi kuzihesabu moja moja. Je, mkulima wa Kyela huhesabu punje za mpunga? Hapana, hupima kwa debe. Wanakemia nao wana debe lao, na jina lake ni moli. Moli moja ya kaboni ina uzito wa gramu 12. Na joto hupimwa kwa kilojuli. Ili mpate kuizoea kilojuli, kumbukeni hivi: kupandisha litre moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka, nyuzi 100, kunahitaji kilojuli 314 hivi.

Wataalamu wamepima kwa uangalifu mkubwa joto linalotoka au kuingia wakati kitu kinapoundwa kutoka katika asili zake, wakaandika majedwali. Nitasoma polepole, mwandike. Hewa ukaa: –393.5. Kaboni monoksaidi: –110.5. Mvuke wa maji: –241.8. Kaboni na oksijeni zenyewe, kwa kuwa ndizo asili, ni sifuri. Zote ni kilojuli kwa moli moja. Joto la namna hii huitwa entalpi.

Ile alama ya kutoa iliyo mbele ya nambari huwasumbua wanafunzi wengi, nami ilinisumbua nilipokuwa chuoni. Maana yake ni kwamba joto limetoka, limekwenda nje kwetu sisi. Alama ya kujumlisha maana yake joto limeingia. Msifikiri kwamba kila mmenyuko hutoa joto. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema chini ya Milima ya Livingstone, wanapochoma vyungu vyao, udongo hunywa joto. Ndani ya udongo wa mfinyanzi kuna maji yaliyofungwa, si yale ya kukaushwa juani, na hayo huanza kutoka moto unapofika kama nyuzi 500. Chungu ambacho hakijafika hapo hurudi kuwa tope kikitiwa maji. Chungu kilichopita hapo hakirudi. Mfinyanzi analijua jambo hilo kwa macho na mikono, bila nambari. Sisi tunalitafutia nambari.

Turudi jikoni. Kanuni ya hesabu yetu ni moja tu, nayo ni ya kutoa: chukua jumla ya joto la vitu vilivyotokea, utoe jumla ya joto la vitu ulivyoanza navyo. Mkaa ukiungua vizuri: –393.5 ukitoa sifuri, ni –393.5. Mkaa ukiungua kwa hewa haba: –110.5 ukitoa sifuri, ni –110.5. Mnaona tofauti? Mkaa ni ule ule, gramu 12 zile zile, lakini mara hii mmepata chini ya theluthi moja ya joto. Kilojuli 283 zimekwenda wapi?

Hazikupotea. Zimo ndani ya ile kaboni monoksaidi. Hewa hiyo bado ni kuni. Ikipanda juu ya jiko ikakutana na hewa safi, nayo ingali moto, huungua mara ya pili na kuwa hewa ukaa. Fanyeni hesabu: iliyotokea ni –393.5, tuliyoanza nayo ni –110.5. Ukitoa unapata –283. Huo ndio moto wa buluu. Ile buluu mnayoiona juu ya jiko ni sumu inayoungua.

Jumlisheni sasa 110.5 na 283. Mnapata 393.5 kamili, sawasawa na mkaa ulioungua vizuri kwa mara moja. Hii si bahati. Mwaka 1840 Germain Hess, mtu aliyezaliwa Geneva mwaka 1802 na kufanya kazi yake St Petersburg nchini Urusi, alitangaza kwamba jumla ya joto la mmenyuko haitegemei njia uliyopitia, bali mwanzo wake na mwisho wake tu. Sisi watu wa huku tunaweza kulielewa jambo hilo kuliko yeye. Ziwa letu liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu iko juu zaidi ya ziwa kwa mita elfu moja na kitu. Ukipanda kwa barabara kuu, au ukizunguka kwa Ipinda na Mbambo, utachoka tofauti, utalipa nauli tofauti, lakini utakuwa umepanda kimo kile kile. Joto la mmenyuko ni kama kimo.

Kwa sababu ya kanuni hiyo ya Hess, hakuna haja ya kupima kila mmenyuko duniani. Jedwali moja la vitu linatosha kuhesabu mimenyuko maelfu kwa maelfu. Na kwa sababu kazi yote ni ya kuzidisha, kujumlisha na kutoa, kompyuta inaiweza.

Wengi wenu mmeona kompyuta shuleni au ofisini, na wengine mna simu janja mfukoni ambayo nayo ni kompyuta. Ndani yake kuna programu ya majedwali, ile wanayoitumia makarani kuandikia mishahara. Ifungueni. Katika safu ya kwanza andikeni majina ya vitu. Katika safu ya pili andikeni idadi ya moli: vitu vilivyotokea viwe na alama ya kujumlisha, vile vya mwanzo viwe na alama ya kutoa. Katika safu ya tatu andikeni nambari za jedwali nilizosoma. Katika safu ya nne iambieni programu izidishe safu ya pili kwa safu ya tatu, mstari kwa mstari, kisha chini kabisa ijumlishe. Jumla hiyo ndiyo jibu. Mkibadilisha nambari moja, jibu hubadilika papo hapo. Ni kama kuwa na karani asiyechoka, lakini karani huyo hana akili hata kidogo. Mkimpa nambari mbaya atawaletea jibu baya, safi, lenye nukta na tarakimu nyingi.

Tutumie jedwali letu kwa jambo la jikoni. Kilo moja ya kaboni ni gramu 1,000. Gawanya kwa 12, unapata moli 83 na kidogo. Ikiungua vizuri hutoa kilojuli 32,800 hivi. Ikiishia kwenye kaboni monoksaidi hutoa 9,200 hivi tu. Gawanyeni kila moja kwa 314. Kama joto lote lingeingia katika sufuria, jambo ambalo halitokei katika jiko lolote, kilo ile ya kwanza ingechemsha litre 104 za maji, na ya pili litre 29. Mkaa wa gunia una majivu na unyevu, kwa hiyo utakuwa chini ya hapo. Lakini uwiano ni ule ule. Anayeziba tundu la chini la jiko akifikiri anabana matumizi ya mkaa, kwa sehemu anapeleka fedha yake hewani. Mkaa utakaa muda mrefu, ndiyo, lakini chakula nacho kitakaa muda mrefu.

Sasa msikilizaji mwenye akili atauliza: kama hewa ikiwa nyingi hakuna sumu, si nitoboe jiko tu, nililete chumbani? Swali zuri, na jibu lake limo katika mmenyuko wa tatu, ambao ndio mgumu kuliko yote ya leo.

Hewa safi huingia chini ya jiko. Hukutana na mkaa wa chini na kuwa hewa ukaa. Hewa hiyo sasa inapanda, na njiani inapita katikati ya mkaa mwingine wenye moto mkali. Hapo hewa ukaa huchukua chembe moja ya kaboni kutoka katika mkaa, na zinakuwa kaboni monoksaidi mbili. Tuhesabu. Zilizotokea: mara mbili –110.5, ni –221. Tulizoanza nazo: –393.5 na sifuri. Ukitoa –393.5 kutoka –221 unapata 172.5, yenye alama ya kujumlisha. Mmenyuko huu hunywa joto. Kwa nini basi utokee? Maji hayapandi mlima yenyewe.

Hapa tunahitaji nambari ya pili, iitwayo entropi. Kwa maneno mepesi, entropi ni kipimo cha kutawanyika. Fungua zizi asubuhi: ng'ombe hutawanyika malishoni bila kuambiwa, lakini hawajikusanyi wenyewe jioni. Vitu vyote vina mwelekeo huo, na mwelekeo huo huzidi nguvu kadiri joto linavyozidi. Katika mmenyuko wetu, kitu kigumu kimoja na hewa moja vimekuwa hewa mbili. Kutawanyika kumeongezeka sana. Majedwali yanasema: kaboni 5.7, hewa ukaa 213.8, kaboni monoksaidi 197.7. Mara mbili 197.7 ni 395.4. Toa 213.8, toa 5.7, unabaki na 175.9.

Ukigawanya joto lililonywewa kwa entropi iliyoongezeka, unapata kiwango cha moto ambacho hapo kutawanyika kunashinda. Lakini angalieni! Nilipokuwa nikitayarisha somo hili niligawanya 172.5 kwa 175.9, nikapata 0.98. Kipimo hiki huanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, kwa hiyo ili kupata nyuzi zetu za kawaida tunatoa 273. Nikatoa, nikapata nyuzi 272 chini ya sifuri! Kompyuta ilinionyesha jibu hilo bila kuona haya. Kosa langu lilikuwa nini? Entalpi iko kwa kilojuli, entropi iko kwa juli. Ni kama kugawanya shilingi kwa senti. Kilojuli 172.5 ni juli 172,500. Gawanyeni hiyo kwa 175.9, mtapata 981. Toeni 273, mtapata nyuzi 708.

Mkaa ukiwa mwekundu hafifu uko karibu na hapo. Ukiwa na rangi ya chungwa umekwisha pita 900. Kwa hiyo katika kila jiko lililojaa mkaa unaowaka vizuri, sumu hutengenezwa katikati ya mkaa, hata kama tundu la chini liko wazi kabisa. Kadiri mkaa ulivyorundikwa, ndivyo inavyotengenezwa zaidi.

Nambari yetu ya 708 ni ya makadirio, maana tumetumia nambari zilizopimwa kwa nyuzi 25 kana kwamba hazibadiliki moto ukizidi. Hubadilika kidogo. Programu kubwa za kompyuta hulirekebisha jambo hilo. Mojawapo ilitengenezwa na Sanford Gordon na Bonnie McBride wa shirika la anga la Marekani, NASA, kule Cleveland, kwa ajili ya kujua moto wa roketi utakuwa mkali kiasi gani kabla ya kuiwasha. Kwa kila kitu programu hiyo huweka nambari chache, na kutokana na hizo hupata joto na entropi kwa kiwango chochote cha moto. Kisha hutafuta mchanganyiko wa hewa ambao vitu vyote vikiachwa vingetulia humo. Waswidi wanayo Thermo-Calc, inayopendwa na wafua vyuma. Iko na Cantera, ambayo hutolewa bure kwa mwenye kutaka. Mkiziuliza programu za namna hii juu ya mkaa wetu, zitawaambia kama nyuzi 700. Hesabu yetu ya daftarini haikuwa mbali.

Lakini kuna jambo moja ambalo hesabu hii haisemi, iwe ya daftari au ya roketi. Haisemi mmenyuko utakwenda upesi kiasi gani. Kwa hesabu, gunia la mkaa lililoegemezwa ukutani hapo sokoni Kyela lingepaswa kuungua sasa hivi, kwa kuwa kaboni na oksijeni ziko pamoja na joto lipo la kutolewa. Haliungui. Linangoja kiberiti. Na vivyo hivyo kaboni monoksaidi: kwa hesabu, ikishatoka jikoni na kupoa, ingepaswa kuungana na oksijeni ya chumbani na kuwa hewa ukaa isiyo na sumu ya namna hiyo. Haiungani. Ikishapoa bila kuungua, hubaki kama ilivyo, humo chumbani, usiku kucha.

Basi angalieni ule moto wa buluu. Ukiwapo, sehemu ya sumu inaungua. Jiko likifunikwa, au mkaa ukianza kuvaa majivu na moto wa buluu ukazimika, watu husema sasa jiko ni safi, halina moshi, liingizwe ndani. Ni kinyume. Moshi umekwisha, sumu ingalipo, na sasa hakuna moto juu wa kuiunguza.

Ndani ya mwili hewa hii hushika damu mahali pale pale panaposhikwa na oksijeni, na huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kidogo tu humtosha. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala hayajui hayo. Usingizi wake huzidi kuwa mzito. Mtoto aliye tumboni huumia pia. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, kwa sababu hewa hii haiyeyuki katika maji ila kidogo mno. Kitambaa chenye maji puani hakiizuii. Mkimkuta mtu katika chumba cha namna hiyo, fungueni mlango na dirisha, mtoeni nje upesi bila ninyi wenyewe kukaa humo ndani, kisha mpelekeni hospitali hata kama amezinduka. Mama mzazi na mtoto wafunikwe blanketi, wapashwe maji moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, na jiko libaki nje penye upepo, chini ya upenu kama mvua inanyesha.

Kazi ya wiki hii ni hii. Wako majirani zetu wenye ng'ombe ambao hupika kwa gesi inayotoka katika samadi. Sehemu ya gesi hiyo inayowaka ni methani, na nambari yake katika jedwali ni –74.8. Moli moja ya methani ikiungua vizuri hutoa moli moja ya hewa ukaa na moli mbili za mvuke wa maji. Tafuteni joto lake, kwanza kwa kalamu, kisha kwa simu au kompyuta kama ipo. Msisahau kuzidisha mvuke kwa mbili. Mkipata jibu lenye alama ya kutoa, nalo likiwa limezidi kidogo 800, mko sawa. Mkipata lililozidi 950, mmesahau kwamba kutoa nambari yenye alama ya kutoa ni kujumlisha. Mwalimu asahihishe madaftari kabla ya somo lijalo, ambapo tutapima pumba za mpunga.